Tumemshangilia mtoto, mzigo tumemuachia yeye

Tangu ile klipu ianze kuzunguka kwenye simu za watu, ya yule mtoto wa kiume anaeruka pale Ngome Kongwe, Unguja, akajizungusha hewani mara mbili halafu akatua kwa mguu mmoja, kila gurupu la WhatsApp nililomo lina mjadala wake, na mijadala yote naona inaelekea njia mbili tu. Wapo wanaosema mashaallah, hicho ni kipaji kazaliwa nacho, atafutwe mfadhili ampeleke Ulaya kabla hajapotea hapa. Na wapo wanaosema astaghfirullah, mtoto wa miaka 12 badala ya kukaa na msahafu anafundishwa kuruka ruka mbele ya watalii, wazee wake wako wapi. Mimi niliiona shoo nzima, sio klipu, na naona pande zote mbili zinamtazama mtoto na hakuna alieitazama shoo yenyewe ilivyotengenezwa. Tulichokiona pale ni kazi, kazi ngumu ya mwili na ya akili, na karibu yote kabebeshwa mtu mmoja ambae bado anakua. Tumechukua kutoka nje aina ya mchezo wa jukwaani unaosimama juu ya stelingi mmoja mdogo, lakini zile kinga ambazo wenyewe wamezijenga kumzunguka huyo stelingi hatukuzichukua, na zile kinga ambazo ngoma zetu wenyewe zilikuwa nazo siku zote tumeziacha nje ya mlango. Hapo ndo pa kujadili, na bila ya kupajadili mwaka kesho tutakuwa na klipu nyengine ya mtoto mwengine.

Jina la mtoto sitalitaja wala la kikundi, maana mtoto ni mtoto na jina lake limeshatembea mno. Kwa wasioiona, ni mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na dansi, karibu saa mbili na mapumziko katikati, hadithi ya mtoto wa fundi wa majahazi ambae baba yake anataka ashike tezo na keekee na yeye roho yake iko kwenye ngoma. Muziki mzuri kwa kweli, sina la kuficha, kuna qanun kuna fidla kuna dumbak na kinanda cha umeme, na nyimbo mbili tatu zina ladha ya kidumbak kabisa mpaka watu wakashindwa kukaa kwenye viti. Waigizaji wakubwa wapo kumi na kitu, wanaingia, wanatoka, wanapumzika, wanabadilisha nguo. Mtoto hatoki, labda sekunde chache tu za kupanguswa jasho. Anaimba, anasema, anacheza, na kwenye lile dansi refu la karibu na mwisho anabaki peke yake kwenye stej nzima. Na shoo ilipigwa siku nne mfululizo, Jumamosi mara mbili, alasiri na usiku, mtoto yule yule.

Mimi nilienda hiyo ya Jumamosi usiku na nilikaa mbele pembeni, karibu na upande wanakotokea waigizaji, kwa hiyo niliona kitu ambacho kwenye klipu hakimo. Sehemu ya kwanza akiruka anatua vidole kwanza halafu kisigino, goti linakunjika, husikii kitu. Sehemu ya pili anatua wayo mzima kwa mpigo na unausikia, paa, kwenye sakafu ngumu, na mguu wa kushoto anauficha, yani kila zamu ya kugeuka yeye anageukia kulia hata pale ambapo wenzake wote wanageukia kushoto. Akitoka pembeni kwa sekunde chache kuna mama kashika chupa ya maji na kitambaa, anampangusa uso, anamuonesha mguu kwa kidole, mtoto anatikisa kichwa kwamba hana kitu, anarudi. Na akirudi anatabasamu, na vigelegele vinapigwa. Hapo mimi ndo raha ilinitoka, maana mtoto hatabasamu juu ya maumivu kwa bahati, kuna mtu kamfundisha, na wala simdhanii ubaya huyo mtu, nadhani alikuwa hana mwengine wa kumuingiza.

Sasa tuangalie huko aina hii ya mchezo ilikotoka wanafanyaje, maana watu wengi kwenye mijadala wameitaja Billy Elliot, ile shoo ya Uingereza yenye muziki wa Elton John, inayohusu mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa nchi ile anaetaka kusomea baleti wakati wa mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 na 1985. Mfano mzuri, ila watu wameutumia nusu nusu. Ile shoo ilipoanza London mwaka 2005 pale Victoria Palace, hakukuwa na Billy mmoja. Walikuwa watatu wakipokezana, leo huyu kesho yule, na mwaka 2006 tuzo ya Olivier, ile kubwa ya jukwaani huko Uingereza, ya muigizaji bora wa kiume kwenye shoo za muziki wakapewa wote watatu kwa pamoja. Ilipofika New York mwaka 2008 hivyo hivyo, vijana watatu, na 2009 wakagawana tuzo moja ya Tony, ile kubwa ya jukwaani ya Marekani. Halafu London ikaja shoo nyengine ya muziki, Matilda, stelingi mtoto wa kike, na mwaka 2012 wakapanda jukwaani wasichana wanne kuchukua tuzo moja ya Olivier. Watu wazima wenye akili zao na pesa zao, wenye kumbi na mainjinia wa taa, walipokaa kupiga hesabu ya jukumu kama lile waliona mtoto mmoja halibebi, na hawakuona haya kulisema. Mtazamaji wa kule akikata tiketi kwa kawaida hajui usiku huo atamkuta nani, na bado Billy Elliot ilikaa pale London mpaka 2016, zaidi ya maonesho 4,500. Kwa hiyo anaeniambia kwamba watu wanataka yule yule, ukimbadilisha hawaji, sijui anaitoa wapi hiyo hesabu.

Na sio huruma tu iliyowafikisha hapo, ni sheria na ni mifupa. Sheria ya Uingereza ya watoto na vijana ya mwaka 1963, ambayo kanuni zake kwa England zimeandikwa upya 2014, inasema mtoto wa shoo kama hizi lazima awe na leseni ya serikali ya mtaa anakoishi, na haitolewi mpaka waridhike na mambo matatu: afya yake inaruhusu, atatunzwa na kutendewa wema, na masomo yake hayataharibika. Tena kuna mtu maalumu wa kumsimamia mtoto, mtu ambae kazi yake pale ni hiyo tu, hauzi tiketi wala hashoni nguo, na hata huyo haruhusiwi kuwa na watoto zaidi ya 12 kwa wakati mmoja. Upande wa mifupa ni hivi, mtoto anaekua ana sehemu laini karibu na viungo ambazo ndo zinarefusha mfupa, na sehemu hizo hazipendi kupigwa pale pale mara nyingi bila mapumziko. Kisigino ndo kinaumia sana kwa watoto wa baina ya miaka 8 na 14 wanaoruka na kukimbia, na dawa yake kubwa ya kwanza ni kupumzika, jambo ambalo mtoto asiekuwa na mbadala hawezi kulipata. Ndo maana pia wenzetu wanaweka sakafu maalumu ya mbao yenye kunesa chini ya miguu ya wachezaji. Sisi jukwaa letu ni la kumbukumbu, tunalipenda, ngome ya Waarabu wa Oman ya zaidi ya miaka 300, lakini kwa kifundo cha mguu cha mtoto ni pagumu.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kusema haya basi ni mambo ya Wazungu, sisi ngoma zetu hazina leseni. Ni kweli hazina leseni, ila zina kitu kikubwa kuliko leseni, na hiki ndo kinachonisikitisha tumekisahau. Ngoma zetu nyingi hazina stelingi. Kaangalie maulidi ya homu, wale vijana wa Mtendeni kwa mfano, mstari mmoja bega kwa bega wamepiga magoti, kanzu nyeupe, matari nyuma yao, wanayumba pamoja, wanainuka pamoja, wanarudi chini pamoja. Ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, jaribu mwenyewe kupiga magoti robo saa huku kiwiliwili kinakwenda. Lakini mmoja akichoka au akipata kikohozi usiku ule, mstari unambeba, hakuna anaejua. Ngoma ya msewe ya Pemba vivyo hivyo, njuga zile za miguuni zinalia za watu wengi, na akitoka mmoja ngoma haizimiki. Kirumbizi wanapigana fimbo wawili wawili, wakimaliza wanatoka wanaingia wengine. Hata halaiki ya tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, pale uwanja wa Amaan, na yenyewe ina matatizo yake, jua na kusimama muda mrefu, ila angalau hakuna mtoto ambae akiugua siku ile basi sherehe inavunjika. Sisemi wazee walikaa kikao wakapanga hivyo kwa ajili ya kulinda watoto. Nasema ndivyo ngoma zilivyokuwa, uzito unagawanywa, na mtu anaweza kucheza tangu udogo mpaka uzee. Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliefariki 2013, alikuwa bado anapiga ngoma na kuimba kwenye umri ambao wengi hawawezi hata kusimama.

Sasa wanaolalamika kwa upande wa dini na malezi, hawa siwabezi hata kidogo, maana wana hoja ndani yake ambayo watu wa sanaa tunaikimbia. Mtoto wa Zanzibar siku yake imejaa tayari. Kwenye skuli zenye mikondo miwili, ukiwa wa asubuhi unatoka mchana, unakula, unakwenda chuoni kusoma Kuruani, ukirudi ni alasiri imeshaingia, na mazoezi ya shoo yanafanyika lini kama sio magharibi mpaka usiku, muda ambao angekuwa nyumbani na wazee wake au msikitini. Mzazi anaeuliza mtoto huyu anasali wapi, analala saa ngapi, anarudi nyumbani na nani, anauliza swali la maana kabisa, na kikundi ambacho hakina jibu la kuandika kwenye karatasi hakistahili kupewa mtoto. Hapo niko nao. Tunapoachana ni pale wanaposema kwa hiyo shoo zifutwe, maana maswali yote hayo yana majibu, mazoezi yapangwe Alkhamisi na Ijumaa jioni na wakati wa likizo, yaishe kabla ya magharibi, mtoto arudishwe mpaka mlangoni, na yakipangwa hivyo na watoto wakiwa watatu sio mmoja, kila mtoto anabaki na siku nyingi za chuoni na za nyumbani. Yani jambo lile lile linalotatua mguu linatatua na malezi.

Hoja ambayo haina miguu kabisa ni ile ya kwamba dansi sio utamaduni wetu, na dada yake, kwamba mwanamme kucheza jukwaani ni ulaini. Nani alicheza msewe? Nani anapiga kirumbizi? Nani wale wa zefe la Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, wanaotembea mji mzima na dufu? Wanaume wote hao, na wavulana wadogo wako katikati yao wanajifunza. Na kuhusu kutoka nje, taarab yenyewe tunayoilia kwamba ni yetu, na ni yetu kweli, Sultan Sayyid Barghash ndo alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo kwenda kujifunza qanun, huko karne ya 19, na kutoka hapo tukapata kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, na muimbaji Siti binti Saad akaja akaigeuza ikawa ya Kiswahili akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Visiwa hivi havijawahi kuogopa kitu kwa sababu kimetoka ng'ambo ya bahari, vimekipokea, vikakivunja, vikakijenga upya kikawa chao. Lakini tuliipokea taarab pamoja na ufundi wake, Mohammed Ibrahim alipelekwa kusoma, hakuambiwa una kipaji basi kapige. Shoo hizi za muziki tumezipokea juu juu, tumechukua taa na stelingi, ufundi wa kumlea stelingi tumeuacha huko huko.

Hapo ndo nawageukia wale wa kipaji, na hawa kwa kweli wananipa tabu zaidi kuliko wa upande wa pili kwa sababu wanasema kwa mapenzi. Ukishasema kapewa na Mungu ukanyamaza, umeshajivua jukumu, maana kilichotolewa na Mungu hakihitaji mwalimu, hakihitaji sakafu, hakihitaji chakula cha saa kumi kabla ya mazoezi. Mimi naamini Mungu ndie mtoaji, lakini ile mizunguko miwili ya hewani mtoto hakuzaliwa nayo, mtu kamshika kiuno mara mia na mia mpaka mwili ukajua kichwa kitangulie lini na mabega yafuate lini, na huyo mwalimu hakuna hata komenti moja niliyoona inamtaja. Na hii ya apelekwe Ulaya, wallahi inaniuma. Mtoto wa miaka 12 apelekwe Ulaya kwa nani? Watu wanaiandika kama ndo wema mkubwa kuliko wote, kumbe maana yake ni sisi hatutafanya kitu, wafanye wengine. Hapa hapa Tanzania kuna TaSUBa pale Bagamoyo, chuo cha sanaa tangu 1981, dansi inafundishwa na watu wetu kwa Kiswahili. Hapa Unguja tumeona chuo cha muziki cha DCMA tangu 2002 kilivyotoa wapigaji ambao leo wanapiga dunia nzima, na kilivyohangaika na pesa pia. Kwa hiyo mfano upo na ugumu wake tunaujua, ila kwa dansi ya watoto hapa visiwani sioni kitu kama hicho, mtoto anategemea kikundi kilichompata na mwalimu mmoja mwenye moyo.

Hoja nzito kuliko zote naijua, na watu wa vikundi wameniambia moja kwa moja. Pesa hakuna. Stelingi mmoja tu kumlipia nauli ya daladala na chakula ni shida, wewe unatuambia watatu, na shoo yenyewe inaishi kwa tiketi za wageni na kwa mtu aliejitolea spika. Siwezi kulipuuza hilo, nawajua wanavyojinyima, wapo wanaouza vitu vya nyumbani ili nguo za waigizaji zishonwe. Lakini tuliangalie kwa utulivu, gharama ya mtoto wa pili sio sawa na ya wa kwanza. Mwalimu ni yule yule, saa za mazoezi ni zile zile, nyimbo zimeshatungwa, kinachoongezeka ni nauli, chakula na nguo pea moja. Na faida yake kibiashara hata mwenye roho ngumu ataielewa, maana stelingi mmoja akivunjika mguu Ijumaa, tiketi za Jumamosi unarudisha zote. Tena watoto wenyewe wapo. Kwenye shoo ile ile kuna wavulana wawili wanaocheza marafiki zake, wako nyuma muda mwingi, na mimi kutoka nilipokaa niliwaona midomo yao inasema maneno ya stelingi yote, kila mstari, na mmoja wao lile dansi refu alikuwa analifata kwa vidole vya mikono pembeni bila kukosea. Hao wameshajifunza nusu ya kazi bila mtu kuwalipa wala kuwafundisha.

Kuna na wanaosema mbona watoto wetu wanacheza mpira pwani kutwa nzima juani na hakuna anaeandika makala. Nimelifikiria sana hili kwa sababu kwa juu lina ukweli, mtoto wa Kizimkazi au wa Wete anakimbia zaidi kuliko yule wa jukwaani. Tofauti ni nani anaamua kusimama. Wa mpira akiumia anatoka, anakaa chini ya mti wa mkungu, anachua mguu kwa mchanga baridi, akipona anarudi na mchezo uliendelea bila yeye. Wa jukwaani akisimama, watu mia kadhaa wamelipa, wanamuziki wanangoja, watu wazima ishirini riziki yao ya wiki iko juu ya goti lake, na yeye anajua. Hakuna haja ya kumlazimisha mtoto aliepo kwenye hali hiyo, atajilazimisha mwenyewe. Kwa hiyo ukimuuliza uko sawa, atakwambia niko sawa, na jibu lake halina thamani yoyote mpaka awepo mwenzake alievaa nguo tayari, ndo hapo anaweza kusema hapana bila ya kuona kaiua shoo.

Kisheria sisi sio maskini kama tunavyojidhania. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto tangu 1991. Kifungu cha 31 cha mkataba huo nakipenda kwa sababu kimeweka vitu viwili ndani ya sentensi moja, haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na haki ya mtoto kushiriki kwenye utamaduni na sanaa. Waliokiandika hawakuvitenganisha, sisi ndo tunavitenganisha, upande mmoja unadai apumzike asicheze kabisa na mwengine unadai acheze asipumzike. Vikundi vinapokwenda kuomba kibali cha onesho, ningependa kuona ukurasa mmoja tu unaongezeka: kama kuna mtoto kwenye nafasi kubwa, mbadala wake ni nani, msimamizi wake usiku ule ni nani, ratiba yake ya skuli na chuoni ikoje, na pesa yake inaingia wapi. Hilo la pesa watu hawaligusi, ila kama mtoto ndo kaujaza ukumbi basi haki yake isiishie kwenye soda na chipsi, na isipitie mikononi mwa mtu yeyote ikapotelea huko. Ifunguliwe akaunti kwa jina lake na mzazi, iandikwe. Na klipu nazo, kikundi ndo kiamue kipi kirushwe na kipi kisirushwe, maana nimeona video zinazotaja mpaka skuli anayosoma na mtaa anaokaa, na walioposti wanadhani wanamsaidia.

Nnachokitaka kwa upande wa skuli ni rahisi zaidi. Kila Septemba tuna tamasha la elimu bila malipo, kukumbuka ile Septemba 23 ya 1964, na watoto kutoka Unguja na Pemba wanashindana kwa ngoma na maigizo na michezo. Pale ndo wanapoonekana watoto wanaoweza, kwa makumi, halafu tamasha likiisha wanarudi madarasani mpaka mwaka mwengine na hakuna anaeandika majina. Mtu mmoja wa sanaa akikaa pale na daftari, shoo yoyote ya mji huu haitakosa mbadala wa stelingi, na watoto wa Micheweni na Makunduchi nao watapata njia ambayo sasa hivi wanaipata wale tu wanaokaa karibu na Mji Mkongwe.

Nasikia kikundi kinataka kuirudisha shoo baada ya Ramadhani, na nimefurahi, naitaka irudi kwa sababu ni kazi nzuri kuliko nyingi nilizoziona hapa. Muda upo wa kutosha kufanya jambo moja kwa ukamilifu. Wale wavulana wawili wa nyuma waitwe na wazee wao, waulizwe, wakikubali waanze kufundishwa nafasi ya stelingi kuanzia wiki hii, siku mbili kwa wiki, na huyu wa kwanza apewe likizo ya kuruka mpaka mguu upone, aje mazoezini kukaa na kuimba tu. Itafutwe mbao za kuweka juu ya ile sakafu, mafundi wa majahazi wapo, wanajua kufanya ubao unese. Na kwenye bango la shoo yaandikwe majina matatu.